Kabla Hujang'oa Majani Yako, Shika Bisibisi

Mama mmoja mstaafu wa Mbezi Beach alinipigia simu mwanzoni mwa Machi. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Baba, majani yangu yamekufa. Njoo uyang'oe yote, uniletee mapya." Nikamwambia nitakuja, ila mapya sileti mpaka nijue kilichoua ya zamani. Akaguna. Mafundi wawili walishampa bei, na wote walianza na kung'oa.

Kazi hii naifanya Dar es Salaam tangu 1996, nilipoanza kama kijana wa kumwagilia nyumba moja ya Oyster Bay. Nimeona uwanja ukibadilishwa majani mara 3 na kila mara yanakauka palepale, karibu na geti lilelile. Mwenye nyumba analaumu mbegu, fundi analaumu jua, lakini hakuna aliyechimba hata shimo moja kuangalia chini kuna nini. Ndiyo maana siku ya kwanza sibebi jembe. Nabeba bisibisi ndefu, panga, kiberiti na futi kamba.

Bisibisi ni kwa ajili ya udongo. Uwanja ukishamwagiwa vizuri, kesho yake sukuma bisibisi ardhini kwa mkono. Ikizama mpaka kwenye mpini, udongo wako ni mzima. Ikigoma baada ya vidole viwili, chini pamekandamizwa au pamejaa kifusi. Panga ni la kukata kipande chembamba cha majani na udongo wake, kama unavyokata keki, ukitoe ukiangalie kwa ubavu. Kiberiti nitakieleza mbele.

Kwa mama yule uwanja ulikuwa mita 10 kwa 18, yaani mita za mraba 180. Kwa macho ulikuwa umekufa wote. Kwa bisibisi ulikuwa na magonjwa manne tofauti. Karibu na geti gari lilipanda kila jioni, udongo umekuwa kama sakafu. Chini ya mwembe palikuwa na giza kutwa nzima. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na duara la mita 2 hivi lisiloota kitu tangu nyumba ijengwe. Nilipochimba nikakuta bamba la saruji iliyoganda, ndipo mafundi walipokorogea zege. Na katikati, sehemu kubwa kuliko zote, majani hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamenyolewa.

Hapo katikati nivute kiti kidogo, maana ndiko nyumba nyingi zinakoharibikiwa.

Majani yako ni ya namna gani?

Mjini kila kinachofunika uwanja kinaitwa ukoka, lakini ukoka wenyewe ni ule wa jani jembamba, unaotambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Unapenda jua kali. Kivulini unakonda na kukimbia. Pemba ni ile ya jani pana, nene, lenye ncha butu. Inatambaa juu tu, inavumilia kivuli na maji yenye chumvi kidogo, na visima vyetu vingi vya pwani tunavijua. Zoysia ni laini, inashikana sana, inapendeza kukaa, ila ni mvivu wa kukua: usiipande leo kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao. Kikuyu ni ya nyanda za juu. Arusha, Lushoto na Mbeya inakimbia hadi inapanda ukuta. Hapa pwani joto linaichosha. Nina mteja aliibeba kwenye buti kutoka Arusha, gunia 3, kwa mapenzi kabisa. Ilikaa miezi kadhaa ikaaga.

Tofauti ya ukoka na Pemba si ya urembo. Ukoka una shina chini ya ardhi, kwa hiyo ukiunyoa mpaka udongo au ukiukosesha maji Januari na Februari, unakauka juu, unalala, mvua ikinyesha unaamka. Pemba haina akiba hiyo. Mashina yake yote yako juu. Ukiyanyoa, umechukua mtaji wote.

Na wa mama ulikuwa Pemba, ukikatwa na kijana wa mashine ya begani kila mwisho wa mwezi mpaka ardhi inaonekana, "ili asirudi haraka". Mama mwenyewe alikuwa anapenda hivyo. Kizazi chetu kimelelewa kwenye uwanja mweupe uliofagiwa; majani marefu karibu na nyumba maana yake nyoka. Sibishani na hofu ya nyoka, lakini nyoka hajifichi kwenye majani ya sentimita 6.

Sasa kiberiti. Kisimamishe wima, huo urefu ni kama sentimita 5. Pemba isikatwe chini ya hapo; mimi naiacha iwe juu ya kiberiti kidogo, 6 mpaka 7. Ukoka na Zoysia laza kiberiti kwa ubavu, kama sentimita 3 na ushee, inatosha. Halafu usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukisafiri ukakuta majani yamefika gotini, kata kidogo, ngoja siku 4, kata tena. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilivunja lote kwa siku moja, mizizi inakaa njaa, nayo inakufa kwa kufupika, kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa barazani.

Maana yake ni kwamba wakati wa masika utakata kila wiki au siku 10, na kipupwe kila wiki 2 au 3. Ndiyo, ni mara nyingi. Mama alipolalamikia gharama tulikubaliana kijana aje mara nyingi kwa kazi fupi, na bei ya kila mara ishuke. Kisu cha mashine kinolewe kwa tupa. Ukianza, chomoa waya wa plagi kwanza, vidole havioti. Utajua kisu ni butu ukiona ncha za majani zimechanika na kugeuka nyeupe siku ya pili. Usikate majani yakiwa na umande, na yale yaliyokatwa kama ni mafupi yaache palepale yaoze. Kuyazoa yote na kuyachoma kila wiki ni kuchoma mbolea uliyoinunua.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: ufagio wa chelewa. Dada wa kazi pale kwa mama alifagia majani kila alfajiri, kwa bidii, kama anavyofagia sakafu. Chelewa zinachana vichipukizi na kung'oa mashina yanayotafuta pa kushika. Tulimnunulia reki ya plastiki ya kukusanya majani ya mwembe, akaambiwa afanye hivyo mara mbili kwa wiki. Alifurahi kuliko sote.

Kumwagilia, au kulowesha vumbi

Nifanye hesabu moja hapa. Majani kwenye jua la Dar yanataka kama milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikiwa haipo. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita za mraba 180 unataka lita 4,500 kwa wiki. Udongo wa mchanga haushiki maji yote kwa mkupuo, kwa hiyo gawa mara 2: lita 2,250 kila mara, yaani ndoo 112 za lita 20.

Kijana wa mama alikuwa anasimama na mpira kila jioni dakika 15, dole gumba mdomoni mwa mpira, akipiga soga na jirani. Bomba lile lilijaza ndoo kwa dakika 1. Dakika 15 ni lita 300. Ukizitandaza kwenye uwanja ule ni chini ya milimita 2. Maji hayo hayafiki hata nusu ya kidole. Yanalowesha vumbi, mizizi inapanda juu kuyafuata, kisha jua la kesho linaikuta huko juu.

Kwa hiyo mwagilia mara chache, lakini maji yafike. Ukitumia kinyunyizio cha kuzunguka, panga makopo matupu 5 ya nyanya sehemu mbalimbali, fungua maji, angalia inachukua muda gani makopo kujaa sentimita 1 na robo. Huo ndio muda wako, mara 2 kwa wiki. Utashangaa pia kopo moja limejaa na jingine ni kavu, sogeza kinyunyizio. Saa nzuri ni kati ya 11 alfajiri na 2 asubuhi. Jioni sana si vizuri, maana majani yakilala na maji usiku kucha wakati wa joto la Machi, kuvu wanaingia na utaona mabaka ya kahawia.

Na kama maji ya kiasi hicho huna, au ni ya kununua kwa gari? Usimwagilie nusu nusu. Kama ni ukoka, uache ulale kiangazi, upe maji kidogo kila wiki 2 ili shina la chini lisife, usiukanyage. Kama ni Pemba, punguza uwanja. Chagua mita za mraba 60 mbele ya baraza uzitunze vizuri, kwingine weka kokoto au mimea isiyodai. Mteja akinisikiliza hapa, ananishukuru. Asiponisikiliza, Februari ananipigia simu.

Kufufua

Kufufua uwanja kunafanyika mvua inapoingia: wiki 2 za kwanza za masika, kuanzia katikati ya Machi, au vuli ikishatulia, Novemba. Kwa mama tulianza Machi 18, ardhi ikiwa imeshalowa.

Kwanza tulitazama kile kipande cha keki. Kati ya majani mabichi na udongo kuna tabaka la kahawia la mashina makavu; mimi naliita godoro. Godoro la nusu sentimita ni faida, linazuia jua. Likizidi sentimita moja na nusu, maji yanaishia humo na mizizi inaanza kuishi godoroni badala ya udongoni. Ukiwa na ukoka, mwanzo wa mvua unaweza kuukata chini kabisa mara moja kwa mwaka na kukwangua godoro lote kwa reki ya chuma. Pemba usithubutu. Kwa Pemba unakwangua polepole, mkono mwepesi, unatoa kilichokauka tu. Kwa mama tulitoa magunia 9.

Pili, matundu. Mashine ya kutoboa uwanja sina. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea chombo: vipande 4 vya nondo ya milimita 12, vimechongwa ncha, vimechomelewa kwenye bamba lenye mpini. Unakanyaga, kinazama sentimita 10, unatikisa kidogo, unatoa, unasogea hatua ya kiganja. Uwanja mzima ulichukua siku 2 na vijana 2. Kama huna fundi wa kuchomelea, uma wa bustani unafanya kazi ileile, mgongo tu utalalamika.

Kisha tukatandaza mchanga wa mto uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Unene wa nusu sentimita, basi. Kwa mita 180 ni toroli 15. Ukiona majani yamezikwa, umezidisha. Ncha lazima zionekane. Geuza reki, pitisha mgongo wake juu ya mchanganyiko huo mpaka uingie kwenye matundu. Mchanga wa baharini usiulete, hata kama uko karibu na ni wa bure, una chumvi.

Na tafadhali ogopa udongo mweusi unaouzwa kwa tripu. Magugu mengi ya ndago ya mjini yamesafiri kwa lori. Kabla hujanunua, omba beseni moja, limwagie maji, liache juani wiki 2. Kikiota kijani chenye jani linalong'aa na shina la pembe tatu, mrudishie mwenyewe na asante. Samadi nayo iwe kuukuu, iliyopoa, isiyonuka. Mbolea ya kuku mbichi inaunguza kama maji ya moto.

Pale kwenye zege hakuna dawa. Tulichimba sentimita 25, tukatoa mabonge, kokoto na mifuko miwili ya saruji iliyozikwa humo, tukajaza udongo safi. Getini tulikubali kushindwa: gari na majani havikai pamoja, kwa hiyo tukalaza njia mbili za vitofali vya kukanyagwa na tairi, katikati tukaacha Pemba. Chini ya mwembe tulikata matawi ya chini mpaka urefu wa mtu na mkono wake juu ili jua la asubuhi lipenye. Mita 3 za kuzunguka shina hatukupanda chochote. Tulimwaga majani makavu ya mwembe wenyewe, yakae yaoze. Mama hakuipenda sura yake mwanzoni, akasema panaonekana kama hapajamalizika.

Kupanda penyewe ni kazi rahisi kuliko yote, ndiyo sababu kila fundi anaikimbilia. Miche hatukununua. Tulikata mashina marefu ya Pemba kutoka sehemu zilizonona, hasa juu ya chemba la maji machafu, ambako siku zote ni kijani kibichi na mwenye nyumba hataki kujua kwa nini. Kila kipande kiwe na pingili 3 au 4. Zika pingili 2, acha ncha nje, kanyaga kwa kisigino, nafasi ya sentimita 15 kila upande. Wiki 2 za kwanza ni za kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Hapa sheria ya mara chache haifanyi kazi, kwa sababu mizizi bado haipo. Mvua ya Aprili ilitusaidia. Kufika mwisho wa Juni udongo ulikuwa hauonekani.

Mbolea ya dukani tuliiweka majani yaliyopo yalipoanza kuchipua, si kabla. Kipimo changu ni kisoda, kinabeba kama gramu 5. Yuria ni visoda 2 kwa mita 1 ya mraba. Kwa uwanja wote wa mita 180 ni kilo 1 na gramu 800. Ukitumia mbolea ya CAN badala yake, visoda 4. Changanya na ndoo ya mchanga mkavu, nusu umwage ukitembea kwa urefu, nusu ukitembea kwa upana, kisha maji hapohapo mpaka chembe zipotee.

Nasema hapohapo kwa sababu 2003 niliwahi kumwaga yuria saa 6 mchana, nikaitwa kula ugali, nikasema nitamwagilia nikirudi. Siku ya tatu uwanja ulikuwa na mistari kama pundamilia, mahali nilipopita mara mbili pameungua kabisa. Mwenye nyumba alinikata mshahara wa nusu mwezi, na alikuwa na haki. Mara 3 kwa mwaka zinatosha: masika inapoanza, inapoisha, na vuli. Kiangazi usiweke, utailazimisha mimea ikue wakati haina maji.

Wageni wasioalikwa

Ndago hazing'olewi mara moja zikaisha. Chini zina vidonge vilivyoungana kama shanga. Ukivuta jani, kidonge kinabaki na kinatoa watoto. Chimba kwa kijiti ardhi ikiwa imelowa, toa kidonge, na rudi kila wiki kabla mche haujafikisha majani 5. Kidonge kinachonyimwa jani mwisho kinachoka. Miezi, si siku. Dawa ya glaifoseti inaua kila kijani inachokigusa, majani yako pia, kwa hiyo ukiitumia vaa glavu upake kwa sifongo jani kwa jani. Kifauongo kichimbue kikiwa kidogo, kabla miiba haijakomaa na watoto hawajaanza kulia.

Ukiona kunguru wanadonoa sehemu moja kila asubuhi, vuta majani ya hapo. Yakinyanyuka kama zulia, mizizi imeliwa na funza weupe waliojikunja; chimbua, wahesabu. Wawili watatu kwenye eneo la sahani kubwa waachie kunguru. Wakifika kumi, nenda duka la pembejeo. Kwa viwavijeshi, ambao hupenda kutokea baada ya mvua za kwanza, weka vijiko 2 vya sabuni ya maji kwenye ndoo ya lita 10, mwaga kwenye mita 1 ya mraba, subiri dakika 10. Kama wapo watapanda wenyewe.

Agosti mama akanipigia tena. Mjukuu ana sendofu, maturubai yanakuja Ijumaa, watu 200. Nikamwomba mambo matatu. Siku 4 kabla tusikate, majani yabaki marefu. Alhamisi tusimwagilie, maana ardhi laini chini ya viti vya plastiki inatoboka. Na wapishi na masufuria yao wakae upande wa vitofali vya getini, mafuta ya moto hayana msamaha. Jumapili asubuhi maturubai yalitoka. Chini yake majani yalikuwa ya manjano na yamelala. Niliyainua kwa reki, nikajaza mchanga kwenye mashimo ya vigingi, tukamwagilia ndoo zetu zote 112. Mbolea sikuweka. Mama alikuwa barazani na kikombe cha chai, akaniuliza kama sasa ndiyo tung'oe.